postgres_fdw inapogoma: kutoka dalili hadi chanzo

Jedwali la nje katika PostgreSQL, yaani lile ambalo data yake iko kwenye seva nyingine na hufikiwa kupitia kiendelezi cha postgres_fdw, huonekana kama jedwali lolote lile. Unaandika SELECT, unabonyeza, majibu yanakuja. Nyuma yake, hata hivyo, kuna seva mbili, vikao viwili, watumiaji wawili wenye haki tofauti, na mtandao katikati. Karibu kila tatizo la postgres_fdw linakuwa gumu kwa sababu mtu anatafuta kosa kwenye seva ambayo haina kosa. Kwa hiyo kila dalili hapa chini inaanza na swali hilohilo: ni upande gani uliolalamika, na ni SQL gani hasa iliyofika kule?

Katika mwongozo huu, "seva ya hapa" ni ile unayoandikia swali lako, na "seva ya mbali" ni ile yenye data. Mifano yote inatumia usanidi huu:

```
CREATE EXTENSION postgres_fdw;

CREATE SERVER seva_mauzo
  FOREIGN DATA WRAPPER postgres_fdw
  OPTIONS (host '10.20.0.8', port '5432', dbname 'mauzo');

CREATE USER MAPPING FOR ripoti SERVER seva_mauzo
  OPTIONS (user 'msomaji', password '...');

CREATE SCHEMA mbali;
IMPORT FOREIGN SCHEMA public LIMIT TO (oda, wateja)
  FROM SERVER seva_mauzo INTO mbali;
```

CREATE SERVER na CREATE USER MAPPING hazijaribu muunganisho wowote. Ukikosea anwani au nywila, amri zote mbili zitapita kimya, na kosa litajitokeza kwenye IMPORT au kwenye SELECT ya kwanza. Amri kupita si ushahidi kwamba usanidi ni sahihi.

Kabla ya kugusa chochote

Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho. Ukiona mstari unaoanza na `CONTEXT: remote SQL command:`, seva ya mbali ndiyo iliyokataa, na SQL iliyokataliwa imeandikwa palepale. Ukiona `could not connect to server`, tatizo liko njiani au mlangoni. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, anza kuchunguza seva ya hapa.

Kisha pata mpango wa utekelezaji:

```
EXPLAIN (VERBOSE) SELECT ... ;
```

Mstari wa `Remote SQL:` ndio ukweli wenyewe. Huo ndio ujumbe unaosafiri kwenda mbali. Swali uliloliandika wewe linaweza kuwa na masharti matano, na mstari huo ukabeba mawili tu. Ukijenga tabia ya kuusoma kabla ya kubadilisha mpangilio wowote, nusu ya kazi imekwisha.

Ikibidi kuona zaidi, mtumiaji mkuu (superuser) wa seva ya mbali awashe logi kwa mtumiaji huyo mmoja: `ALTER ROLE msomaji SET log_statement = 'all';`. Katika logi utaona START TRANSACTION, kisha DECLARE c1 CURSOR, kisha FETCH 100 FROM c1 ikijirudia. Mfuatano huo unaeleza mengi yatakayofuata. Ukimaliza, irudishe ilivyokuwa kwa `RESET log_statement`, maana logi hujaa haraka.

Muunganisho haufiki

`Connection refused` na kusubiri bila jibu ni dalili mbili tofauti. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida ina maana mashine imefikiwa lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo: huduma imezimwa, poti si yenyewe, au `listen_addresses` ya seva ya mbali bado ni `localhost`, ambayo ndiyo thamani yake ya mwanzo. Ukisubiri mpaka ukate tamaa, kuna kinga ya mtandao inayomeza pakiti bila kujibu, au anwani haipo. Weka kikomo ili usisubiri muda mrefu wa mfumo endeshi:

```
ALTER SERVER seva_mauzo OPTIONS (ADD connect_timeout '5');
```

Ukijaribu muunganisho kwa psql, fanya hivyo kwenye mashine ya seva ya hapa, si kwenye kompyuta yako. Anayeunganisha ni mchakato wa PostgreSQL unaoendesha kikao chako, kwa hiyo njia ya mtandao inayohusika ni ya mashine hiyo. Kwa sababu hiyohiyo, `host 'localhost'` katika CREATE SERVER maana yake ni mashine ya seva ya hapa, na kama seva inaendeshwa ndani ya kontena, maana yake ni kontena lenyewe.

Ukibadilisha `listen_addresses` ni lazima kuiwasha upya huduma. Ukibadilisha `pg_hba.conf`, faili la kanuni za nani anaruhusiwa kuingia, inatosha `SELECT pg_reload_conf();`. Watu wengi huchanganya haya mawili, wakabaki wakishangaa kwa nini badiliko halionekani.

Ukipata `no pg_hba.conf entry for host ...`, furahi kidogo: mtandao uko sawa. Anwani iliyoandikwa kwenye ujumbe ndiyo ambayo seva ya mbali inaiona, hata kama wewe ulitarajia nyingine, kwa hiyo inakili kama ilivyo. Mwisho wa ujumbe ukisema `no encryption` (au `SSL off` katika matoleo ya zamani), huenda mstari unaokuruhusu upo lakini ni wa `hostssl`, nawe umeingia bila usimbaji. Mstari unaofaa ni kama huu:

```
hostssl  mauzo  msomaji  10.20.0.5/32  scram-sha-256
```

Kisha upande wa hapa ongeza `sslmode 'require'` kwenye seva. Mistari ya pg_hba.conf husomwa kutoka juu kwenda chini, na wa kwanza unaolingana ndio unaoamua. Nywila ikishindwa hapo, seva haiendelei kujaribu mstari unaofuata. Kuanzia toleo la 10, `SELECT * FROM pg_hba_file_rules;` huonyesha mistari ilivyosomwa pamoja na makosa ya uandishi.

Mtumiaji mkuu anapata majibu, programu haipati

Hii ni dalili ya kawaida sana, na ina vyanzo vitatu.

Cha kwanza: `user mapping not found`. Ramani ya mtumiaji (USER MAPPING) ni ya jina moja la hapa. Hairithiwi kupitia uanachama wa kundi. Ukiwa umeweka ramani ya `wachambuzi` na `ripoti` ni mwanachama wa `wachambuzi`, bado `ripoti` hana ramani. Mwekee yake, au tumia `FOR PUBLIC` ukikubali kwamba kila mtumiaji wa hapa atapita kwa jina moja kule.

Cha pili hujificha zaidi. Mtu akisoma jedwali la nje kupitia mwonekano uliotengenezwa kwa CREATE VIEW, ramani inayotumika ni ya mwenye mwonekano, si ya msomaji. Kwa hiyo unaweza kuwa umempa `ripoti` ramani safi kabisa, na bado ujumbe ukamtaja mtumiaji mwingine. Soma jina lililo kwenye ujumbe, kisha mpe ramani mwenye mwonekano. Kuanzia toleo la 15 unaweza pia kuutengeneza mwonekano kwa `security_invoker`, ili haki na ramani ziwe za msomaji.

Cha tatu: `password is required`. Mtumiaji asiye mkuu hana budi kuwa na nywila ndani ya ramani yenyewe, faili la .pgpass halitoshi. Hata nywila ikiwepo, kosa hili linaweza kurudi na maelezo `Non-superuser cannot connect if the server does not request a password`. Hapo seva ya mbali imewekwa `trust` au `peer`, hivyo nywila haikuulizwa kabisa. PostgreSQL inakataa kwa makusudi, kwa sababu bila kizuizi hicho mtumiaji mdogo angeweza kujitengenezea ramani ya kurudi kwenye seva ileile kwa jina la `postgres` na kuingia bila nywila. Dawa ni kubadilisha njia ya uthibitishaji kule iwe `scram-sha-256`. Kuna chaguo la `password_required 'false'` tangu toleo la 13, ambalo ni mtumiaji mkuu tu anayeweza kuliweka. Usilitumie kama njia ya mkato ya kuondoa ujumbe. Unafungua mlango uliofungwa kwa sababu nzuri.

Nywila ikibadilika kule, amri ni `ALTER USER MAPPING FOR ripoti SERVER seva_mauzo OPTIONS (SET password '...');`. Kwa chaguo lililokwishawekwa tumia SET, kwa jipya tumia ADD. `option "port" not found` maana yake umetumia SET kwa kitu ambacho hakipo. `Provided more than once` ni kinyume chake. Nywila hukaa wazi kwenye katalogi, kwa hiyo mpe `msomaji` haki za SELECT kwenye majedwali yanayohitajika tu, basi.

"relation does not exist", na jedwali unaliona kwa macho yako

Anza na chanzo chepesi. Jedwali la nje halifuati mabadiliko ya jedwali asilia. Likibadilishwa jina kule, au safu ikiitwa vingine, hapa jina la zamani linabaki. Rekebisha bila kufuta:

```
ALTER FOREIGN TABLE mbali.oda OPTIONS (SET table_name 'oda_mpya');
ALTER FOREIGN TABLE mbali.oda
  ALTER COLUMN kiasi OPTIONS (SET column_name 'kiasi_jumla');
```

Mpangilio wa safu si tatizo, kwa kuwa postgres_fdw hutumia majina. Aina ya data ndiyo yenye madhara: safu ikiwa `bigint` kule na `integer` hapa, itafanya kazi miezi mingi mpaka namba izidi 2147483647, ndipo `out of range` itokee pamoja na jina la safu.

Sasa chanzo kigumu. postgres_fdw inapofungua kikao kule, huweka `search_path` kuwa `pg_catalog` peke yake. SQL inayotumwa haidhuriki, kwa sababu kila jina huandikwa pamoja na skima yake. Lakini ukiingiza rekodi kwenye jedwali lenye triga, na triga hiyo ikaita `INSERT INTO kumbukumbu ...` bila kutaja `public.`, itashindwa: `relation "kumbukumbu" does not exist`. Ukiingia kule kwa psql kwa mtumiaji yuleyule, triga inafanya kazi vizuri, na hapo ndipo watu hupoteza siku nzima. Dalili inayotofautisha ni CONTEXT: utaona jina la funksheni ya PL/pgSQL juu ya mstari wa remote SQL command. Tiba iko upande wa mbali:

```
ALTER FUNCTION public.andika_kumbukumbu() SET search_path = public, pg_temp;
```

Au taja skima ndani ya msimbo, jambo ambalo lingefaa tangu mwanzo. Mionekano ya kule haina shida hii, kwani majina yake yalishatatuliwa siku ilipotengenezwa. Ila funksheni zinazoitwa ndani ya mwonekano zinaweza kuwa nayo.

Tabia hiyohiyo ina upande wa pili. Ukipitisha postgres_fdw kwenye PgBouncer, programu ya kati inayogawa miunganisho, ikiwa inaigawa kwa muamala (transaction), ile `SET search_path` inabaki kwenye muunganisho uliokopwa, kisha programu nyingine isiyohusika inapewa muunganisho huo na kulalamika kwamba majedwali yake yametoweka. Makosa yanakuja na kuondoka bila mpangilio. Elekeza postgres_fdw moja kwa moja kwenye poti ya PostgreSQL, au mpe kundi lake la miunganisho ya aina ya kikao.

Kwenye IMPORT, ujumbe `type "public.hali_oda" does not exist` maana yake jedwali la kule lina aina ya data iliyobuniwa, kwa mfano enum. Itengeneze hapa kwa jina na skima ileile, kisha rudia.

Majibu yanakuja, lakini si sahihi

Jumla za siku zikitofautiana kati ya hapa na kule, angalia saa. Kikao cha mbali huendeshwa kwa majira ya UTC. Thamani ya `timestamptz` husafiri salama, ila mwonekano wa kule unaokata tarehe kwa `saa::date` sasa unakata kwa UTC, si kwa majira ya seva yao. Oda za usiku zinahamia siku nyingine. Andika majira waziwazi ndani ya mwonekano kwa `AT TIME ZONE`, usitegemee mpangilio wa kikao.

Rekodi zikikosekana, chunguza kama kuna mtu aliyeweka CHECK au NOT NULL kwenye jedwali la nje. PostgreSQL haivilazimishi vizuizi hivyo, inaviamini. Ukiandika `CHECK (hali = 'wazi')` na kule kuna zilizofungwa, swali la `WHERE hali = 'imefungwa'` linaweza kurudisha sifuri bila hata kwenda kule. Kanuni za mpangilio wa herufi zikitofautiana kati ya seva mbili, ORDER BY iliyofanyika mbali inaweza isilingane na hesabu inayotegemea mpangilio huo hapa, na JOIN ikaacha rekodi. Linganisha `datcollate` katika `pg_database` pande zote mbili.

Data ikionekana ya zamani ndani ya muamala mrefu, hilo ni kwa muundo. Muamala wa hapa ukiwa READ COMMITTED, wa mbali hufunguliwa kwa REPEATABLE READ, ili maswali yako yote yaone picha moja. Maliza muamala, uanze mwingine. Kosa la `could not serialize access due to concurrent update` linatoka hapohapo: kuna mwingine aliyebadilisha rekodi hiyo baada ya picha yako kuchukuliwa. Programu yako iwe tayari kurudia muamala mzima.

Inafanya kazi, lakini polepole mno

Hapa ndipo pa kukaa muda. Endesha `EXPLAIN (ANALYZE, VERBOSE)` na utazame nodi ya Foreign Scan. Ukikuta mstari wa `Filter:` chini yake pamoja na `Rows Removed by Filter` kubwa, sharti lako halikutumwa. Rekodi zote zilivutwa kwenye mtandao ndipo zikachujwa hapa. Mfano ulio maarufu kuliko yote:

```
SELECT id, kiasi FROM mbali.oda
WHERE saa >= now() - interval '1 day';
```

Remote SQL yake haina WHERE. postgres_fdw hutuma tu misemo ambayo jibu lake haliwezi kutofautiana kati ya seva mbili, na `now()` si mojawapo. Funga hesabu hiyo ndani ya swali dogo, ipigwe hapa mara moja na jibu litumwe kama thamani:

```
SELECT id, kiasi FROM mbali.oda
WHERE saa >= (SELECT now() - interval '1 day');
```

Sasa utaona `WHERE ((saa >= $1::timestamp with time zone))` na faharasa ya kule itatumika. Hakikisha aina zinalingana. Ukilinganisha safu ya `date` na `timestamptz`, ulinganisho wenyewe unategemea majira, kwa hiyo hautatumwa hata ukifunga vipi.

Funksheni ulizoandika mwenyewe hazitumwi. Za viendelezi, kama `pg_trgm`, hutumwa ukivitaja kwa `ALTER SERVER seva_mauzo OPTIONS (ADD extensions 'pg_trgm')`, na hilo ni ahadi yako kwamba kiendelezi kipo pande zote na kinafanya kazi sawasawa.

Kinachofuata ni JOIN kati ya jedwali la hapa na la nje. Una `wateja_maalum` 50 hapa, na oda milioni kumi kule. Ungetegemea namba 50 zitumwe. Kwa mipangilio ya mwanzo hazitumwi: `use_remote_estimate` ikiwa imezimwa, kipangaji cha maswali (planner) hakijengi kabisa njia ya kutuma sharti la JOIN, hivyo jedwali zima huvutwa. Una chaguo mbili. Kuwasha:

```
ALTER FOREIGN TABLE mbali.oda OPTIONS (ADD use_remote_estimate 'true');
```

Hapo seva ya hapa itauliza EXPLAIN kule wakati wa kupanga, ambayo ni gharama ya safari chache za ziada kwa kila swali. Kwa maswali mazito inalipa. Kwa maswali madogo yanayorudiwa mara elfu, inaumiza. Chaguo la pili ni kutuma orodha mwenyewe:

```
SELECT o.* FROM mbali.oda o
WHERE o.mteja_id = ANY (ARRAY(SELECT id FROM wateja_maalum));
```

Hii inategemewa zaidi pale orodha ikiwa fupi, hadi maelfu machache, kwa sababu haimwachii kipangaji nafasi ya kubadilisha mawazo.

JOIN ya majedwali mawili ya nje hufanyika kule tangu toleo la 9.6, mradi yote yako chini ya CREATE SERVER moja na ramani moja. Ukiwa na majina mawili ya seva yanayoelekea mashine ileile, kwa postgres_fdw hizo ni seva mbili, na JOIN itafanyika hapa. Hesabu kama `count(*)` na `sum` hutumwa tangu toleo la 10, na LIMIT hutumwa katika hali nyingi tangu la 12, lakini pale tu ambapo masharti yote ya WHERE yametumwa. Sharti moja likibaki hapa, LIMIT nayo inabaki.

Usisahau ANALYZE. Autovacuum, kazi ya nyuma inayosasisha takwimu za majedwali, haigusi majedwali ya nje. Bila takwimu, kipangaji kinabahatisha ukubwa, na mpango mbaya unafuata. Panga `ANALYZE mbali.oda;` kwa ratiba yako, ukijua kwamba nayo husoma data kupitia mtandao; tangu toleo la 16 sampuli huchukuliwa kule kwanza, na mzigo ni mdogo.

Masharti yote yakiwa yametumwa na bado ni polepole, hesabu safari. `fetch_size` ya mwanzo ni 100. Rekodi 1,000,000 ni safari 10,000. Mtandao ukiwa na milisekunde 20 kwenda na kurudi, hizo ni sekunde 200 za kusubiri tu. Ukiweka 10,000, zinabaki safari 100, yaani sekunde 2. Kumbukumbu nayo ihesabiwe: rekodi za kilobaiti 1 kwa fungu la 10,000 ni takriban megabaiti 10 kwa kila jedwali linalosomwa.

```
ALTER SERVER seva_mauzo OPTIONS (ADD fetch_size '10000');
```

Kuingiza kuna kifaa chake, `batch_size`, kuanzia toleo la 14. Mwanzo ni 1: rekodi moja, safari moja. Rekodi 100,000 kwa mtandao uleule ni zaidi ya nusu saa. Weka 1000 na kazi inakuwa ya sekunde chache. Ila ukitumia RETURNING, kuingiza kwa mafungu kunazimika.

Kwa UPDATE na DELETE, mpango mzuri unaonyesha `Foreign Update` au `Foreign Delete`: amri moja imetumwa, kazi yote imefanyika kule. Ukiona Foreign Scan yenye `ctid` (anwani ya ndani ya rekodi) na `FOR UPDATE`, kila rekodi inavutwa hapa kisha inabadilishwa moja moja kwa safari yake. Kwa kawaida chanzo ni kilekile, sharti lisilotumwa au JOIN na jedwali la hapa.

Kuandika kunakataliwa

`null value in column "id" violates not-null constraint`, na kule `id` ina nextval. IMPORT haileti thamani za mwanzo, na postgres_fdw hutuma safu zote zilizopo kwenye jedwali la nje, kwa hiyo `id` inakwenda ikiwa NULL. Usijaribu kuwasha `import_default` kwa ajili ya hili. Itatafuta mfuatano wa namba upande wa hapa. Tengeneza jedwali la pili la nje, la kuingizia, lisilo na safu hiyo:

```
CREATE FOREIGN TABLE mbali.oda_ingiza
  (mteja_id bigint, kiasi numeric, saa timestamptz)
  SERVER seva_mauzo
  OPTIONS (schema_name 'public', table_name 'oda');
```

Safu isiyotajwa haitumwi, na seva ya mbali inajaza namba yenyewe.

`ON CONFLICT (id) DO UPDATE` haikubaliki, kwa sababu jedwali la nje halina faharasa ya kipekee hapa; ni `ON CONFLICT DO NOTHING` isiyotaja safu tu inayopita. Ingiza kwenye jedwali la muda kule, kisha uunganishe kulekule.

PREPARE TRANSACTION nayo hukataliwa ukishagusa jedwali la nje, na hili ni onyo la kuzingatia kwa uzito. Hakuna uthibitisho wa awamu mbili (two-phase commit). Wakati wa COMMIT, seva za mbali huthibitishwa kwanza, kisha ya hapa. Seva ya hapa ikianguka katikati, kule data imeingia na hapa haikuingia. Kwa fedha au hesabu za bidhaa, usiandike pande mbili ndani ya muamala mmoja ukidhani uko salama. Tumia foleni yenye kitambulisho cha kipekee ili kurudia kusilete nakala.

Muamala ukiganda bila kosa lolote, fikiria mkwamo unaovuka seva. Kila PostgreSQL hugundua mkwamo wa makufuli yake tu. Duara linalopitia seva mbili hailioni. Weka kikomo: `OPTIONS (ADD options '-c lock_timeout=5s')`.

Miunganisho inajaa kule

Kila kikao cha hapa hushikilia muunganisho mmoja kwa kila ramani ya mtumiaji, na hakiuachi swali linapokwisha, mpaka kikao chenyewe kife. Programu yenye vikao 80 vya kudumu itafika kushika 80 kule, na `max_connections` ya mwanzo ni 100. Ndipo `sorry, too many clients already` hutokea, tena kwa watumiaji wa seva ya mbali wasiojua lolote kuhusu ripoti zako.

Kule, tafuta `application_name = 'postgres_fdw'` katika `pg_stat_activity`. Zikiwa `idle`, weka `keep_connections 'off'` kwenye seva (toleo la 14), au ita `SELECT postgres_fdw_disconnect_all();` mwisho wa kazi. Zikiwa `idle in transaction`, muunganisho hauna kosa: kuna muamala ulioachwa wazi upande wa hapa, na huo ndio wa kufunga.

Zikikatika zenyewe baada ya kukaa kimya, na ujumbe ni `server closed the connection unexpectedly`, kifaa cha mtandao kinafuta miunganisho iliyolala. Ongeza `keepalives_idle '60'` kwenye chaguo za seva. Tangu toleo la 14 muunganisho uliokufa hufunguliwa upya mwanzoni mwa muamala. Ukifia katikati ya muamala, muamala huo hauokoleki.

Pale dblink inapofaa zaidi

Kuita funksheni ya kule, kuendesha DDL, au kulazimisha swali zima litekelezwe mbali bila kubahatisha: hayo ni ya dblink, kiendelezi kingine cha PostgreSQL. Inakubali jina la seva uliyokwishaiweka:

```
SELECT * FROM dblink('seva_mauzo',
  'SELECT mteja_id, sum(kiasi) FROM public.oda GROUP BY 1')
  AS t(mteja_id bigint, jumla numeric);
```

Ukiacha orodha ya safu baada ya AS utapata `a column definition list is required`. Tofauti na postgres_fdw, kinachoandikwa kwa dblink huthibitishwa kule papo hapo. ROLLBACK ya hapa hairudishi kitu.